Mazoezi au Mazoea? Uhakiki wa Sayansi ya Ubongo kuhusu Kujifunza Muziki kwa Kurejelea Mkoa wa Singida

Ikisiri

Makala hii inahakiki hoja kwamba matokeo ya sayansi ya ubongo yanaweza kumsaidia mwanafunzi wa muziki kufanya mazoezi kwa tija zaidi. Tafiti zinazohakikiwa ni zile zinazotajwa mara kwa mara katika mijadala ya ufundishaji wa muziki, kuanzia Ericsson na wenzake (1993) hadi Carter na Grahn (2016). Tafiti hizo zinasomwa kwa kuzingatia mazingira mawili ya mkoa wa Singida: kwaya za makanisa na muziki wa Wagogo wa Manyoni. Makala inadai kuwa matokeo ya msingi ya tafiti hizo yana uzito, ila yamefungwa ndani ya picha ya mwanafunzi mmoja, chumba kimoja, ala yake na nota zake. Yakitenganishwa na picha hiyo yanaifaa Singida. Yasipotenganishwa, yanamhukumu mwanafunzi asiye na ala kuwa hana nafasi. Aidha, mazingira ya Singida yanazidai tafiti hizo zifikirie upya dhana ya kosa.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno moja, mazoezi, linalotumika kwa shughuli mbili ambazo lugha nyingine huzitenga. Mpiga kinanda anayejifungia chumbani na kurudia kipande kimoja anafanya mazoezi. Wanakwaya 40 waliokusanyika jioni kujiandaa kwa ibada ya Jumapili nao wako mazoezini. Neno hilo lina mzizi mmoja na kitenzi kuzoea, na ndugu yake wa karibu ni mazoea. Undugu huu una maana kwa mjadala uliopo. Mazoezi hulenga kumbadilisha mtu, ilhali mazoea ni hali ya mtu ambaye ameacha kubadilika. Kurudia jambo kunaweza kuzaa lolote kati ya haya mawili, na swali la msingi ambalo tafiti za kujifunza muziki zimejaribu kulijibu kwa miongo mitatu ni hili: ni urudiaji wa namna gani unaozaa ustadi, na ni upi unaozaa mazoea tu?

Mkoa wa Singida umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, katika wilaya ya Manyoni wanaishi Wagogo, ambao eneo lao linaendelea hadi Dodoma na ambao muziki wao umeandikiwa kwa kina na watafiti kama Gerhard Kubik, Polo Vallejo na Kedmon Mapana. Pili, miongoni mwa Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu, kama ilivyo kwingineko Tanzania, kwaya ya kanisa ni mahali muhimu ambapo kijana hujifunza muziki kwa utaratibu. Katika mazingira yote mawili, mwanafunzi mwenye ala yake binafsi na chumba cha kufanyia mazoezi si mtu wa kawaida. Hivyo basi, mkoa huu unafaa kupima kama ushauri unaotolewa kwa jina la sayansi ni ushauri kwa kila mwanafunzi, au kwa mwanafunzi wa aina moja tu.

2.0 Tafiti zinazohakikiwa

Mjadala wa kisasa ulipata nguvu kutokana na utafiti wa Ericsson, Krampe na Tesch-Römer (1993) uliofanyika kwa wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Watafiti waliwauliza wanafunzi wa viwango tofauti kuhusu saa walizotumia tangu utotoni, na wakawataka waandike shajara za kila siku. Shughuli iliyowatofautisha zaidi ilikuwa mazoezi ya peke yake. Wanafunzi wa kiwango cha juu walikadiriwa kufikisha zaidi ya saa 10,000 za mazoezi hayo walipotimiza umri wa miaka 20. Jambo lililosahaulika haraka ni kwamba wanafunzi hao hao walikuwa pia wakipumzika na kulala mchana zaidi kuliko wenzao. Malcolm Gladwell alipoieneza namba hiyo mwaka 2008, iligeuka kuwa kanuni, jambo ambalo utafiti wenyewe haukulisema. Uchambuzi wa pamoja wa Macnamara, Hambrick na Oswald (2014) ulikuta kwamba wingi wa mazoezi ya makusudi ulieleza takriban asilimia 21 ya tofauti za viwango vya wanamuziki. Kiasi hicho si kidogo, lakini kinaacha sehemu kubwa bila maelezo.

Duke, Simmons na Cash (2009) waliligeuza swali kutoka wingi kwenda namna. Wapiga piano 17 walipewa kipande kifupi kilichotungwa na Shostakovich, wakakifanyia mazoezi kadiri walivyotaka, kisha wakapimwa siku iliyofuata. Muda waliotumia na idadi ya marudio havikuhusiana na ubora wa upigaji wao. Watatu waliofanya vizuri zaidi hawakutofautiana na wenzao kwa kutokosea mwanzoni. Walitofautiana kwa namna walivyolishughulikia kosa: walilitambua mahali pake hasa, walipunguza kasi, walirudia sehemu hiyo hadi ikakaa sawa, na hawakuruhusu kosa hilo lijirudie.

Kundi la tatu la tafiti linahusu wakati na usingizi. Walker na wenzake (2002) walionyesha kuwa watu waliojifunza mfuatano wa kubofya kwa vidole waliongeza kasi kwa takriban asilimia 20 baada ya usiku mmoja wa usingizi, bila mazoezi mengine yoyote. Muda uleule wakiwa macho haukuleta ongezeko kama hilo. Simmons na Duke (2006) walipata matokeo yanayofanana kwa wanamuziki wanaojifunza melodia kwenye kinanda. Carter na Grahn (2016), kwa upande wao, waliwalinganisha wapiga klarineti waliofanyia kazi kipande kimoja kwa muda mrefu mfululizo na waliobadilisha vipande kila baada ya muda mfupi. Ubadilishaji ulikuwa na faida ya kiasi, na hivyo kuunga mkono jambo ambalo Shea na Morgan (1979) walikuwa wameliona katika kujifunza mienendo ya mwili: ratiba inayomtatiza mwanafunzi wakati wa mazoezi huweza kumfaa zaidi siku ya kupimwa.

Mwisho ni utafiti wa Pascual-Leone na wenzake (1995). Watu wasiojua kupiga piano walifundishwa zoezi la vidole vitano kwa siku tano, saa mbili kila siku. Kundi moja lilipiga. Jingine lilikaa mbele ya kinanda na kuwaza tu kwamba linapiga. Eneo la ubongo linalosimamia vidole lilibadilika katika makundi yote mawili. Waliopiga kwa vidole walifanya vizuri zaidi, lakini waliowaza walipopewa kipindi kimoja tu cha kupiga, waliwafikia.

3.0 Neno "ubongo" na mamlaka yake

Kabla ya kuyapeleka matokeo haya Singida, ni lazima tuulize kama yote ni sayansi ya ubongo. Jibu ni hapana. Duke na wenzake hawakutazama ndani ya ubongo wa mtu yeyote. Walisikiliza upigaji na kuhesabu makosa. Ericsson alitumia mahojiano na shajara. Carter na Grahn walitumia masikio ya waamuzi. Kati ya tafiti zilizotajwa, ni ya Pascual-Leone pekee iliyopima mabadiliko ya ubongo moja kwa moja, nayo haikuwahusu wanafunzi wa muziki.

Jambo hili si la kupuuzwa. Weisberg na wenzake (2008) walionyesha kwamba wasomaji wasio wataalamu huridhika zaidi na maelezo dhaifu yakiongezewa sentensi kuhusu ubongo, hata pale sentensi hiyo isipoongeza chochote kwenye hoja. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi "lala mapema, kesho utapiga vizuri zaidi" anatoa ushauri uleule na anayemwambia kwamba ubongo wake utaimarisha kumbukumbu usiku; tofauti ni kwamba wa pili anaogopwa zaidi. Kwa msomaji wa Kiafrika hatari ni kubwa zaidi, kwani mamlaka ya maabara huungana na mamlaka ya nchi zilikotoka. Kwa mujibu wa mapitio ya Henrich, Heine na Norenzayan (2010), asilimia 96 ya washiriki wa tafiti zilizochapishwa katika majarida makuu ya saikolojia walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Usingizi bila shaka hufanya kazi Manyoni kama ufanyavyo Berlin. Lakini dhana ya "kufanya mazoezi" ambayo usingizi huo unaisaidia haikubaliki kuwa moja kila mahali bila uchunguzi.

4.0 Mwanafunzi wa peke yake

Ericsson alihesabu saa za mazoezi ya peke yake kwa sababu katika chuo cha fidla ndiko kazi nzito inakofanyika. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa Berlin. Tatizo linaanza pale kipimo kinapogeuzwa kuwa ufafanuzi, na kila kujifunza kusiko kwa peke yake kukahesabiwa kuwa si mazoezi.

Tuangalie muheme, ngoma zinazopigwa na wanawake wa Kigogo huku wamezibana kati ya mapaja. Kila ngoma ina sehemu yake, na sehemu moja ikipigwa peke yake haijawa muziki wenyewe. Mdundo unaosikika unatokana na kuingiliana kwa sehemu zote. Msichana anayejifunza hawezi kuifahamu sehemu yake kikamilifu kabla ya kuisikia ikigongana na za wenzake. Kumtaka aende chumbani akazoee sehemu yake kwanza ni sawa na kumfundisha mtu upande mmoja wa mazungumzo. Kitabu cha Vallejo kuhusu ulimwengu wa muziki wa watoto wa Kigogo, Mbudi mbudi na mhanga, kinamwonyesha mtoto akiwa ndani ya michezo na nyimbo za pamoja tangu mapema. Mapana (2011) naye anaeleza mkatiko uliopo kati ya malezi hayo na muziki wa shuleni: mtoto aliyekuwa mshiriki nyumbani anakuwa msikilizaji darasani.

Ipo sayansi inayounga mkono upande huu, ingawa haitajwi sana katika ushauri kwa wanafunzi. Kirschner na Tomasello (2009) walikuta kwamba watoto wadogo walioombwa kupiga ngoma kwa kufuata mapigo walifanya hivyo kwa usahihi zaidi walipopiga pamoja na mtu kuliko walipofuata mashine au sauti iliyorekodiwa. Matokeo haya yanalipa kundi nafasi ambayo Ericsson hakuipa: kundi linaweza kuwa chombo cha kujifunzia, na si mahali pa kuonyesha kilichokwisha kujifunzwa tu. Nadharia ya Lave na Wenger (1991), iliyotokana kwa sehemu na uchunguzi wa Lave kwa mafundi cherehani wa Liberia, inalisema jambo hilohilo kwa lugha nyingine: mwanagenzi hujifunza kwa kushiriki katika kazi halisi, kuanzia pembezoni kuelekea katikati.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Singida anayesoma kwamba ustadi unahitaji maelfu ya saa za upweke na ala yake, kisha akajitazama na kuona hana ala wala chumba, anapewa hitimisho ambalo ushahidi hauliruhusu. Makala hii inaliona hilo kuwa dhara halisi. Linaweza kumwondoa kwenye muziki mtu ambaye mazingira yake tayari yana sehemu ya kile anachokitafuta.

5.0 Kosa ni nini, na nani analitambua?

Utafiti wa Duke na wenzake unaonekana kuwa wenye manufaa zaidi kwa mwalimu, kwa kuwa unahusu jambo linaloweza kufundishwa: namna ya kulitambua na kulirekebisha kosa. Hata hivyo, unasimama juu ya sharti ambalo halikutamkwa. Kosa la mpiga piano linajulikana kwa sababu kuna karatasi ya nota, na kwa sababu kila kitufe kina sauti iliyokwisha kuwekwa na fundi. Mwanafunzi anaweza kubofya kitufe kisicho sahihi. Hawezi kukosea urefu wa sauti ya kitufe chenyewe.

Zeze linadai mengine. Mpigaji huitafuta sauti kwa kidole juu ya uzi, na kipimo cha usahihi kiko kichwani mwake. Kubik ameeleza kuwa mfumo wa sauti wa Wagogo unahusiana na mfululizo wa hamoniki, yaani sauti za kiasili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi. Mfululizo huo haulingani na kinanda. Nusu toni ya kinanda ikigawanywa katika vipimo 100 viitwavyo senti, hamoniki ya saba iko chini ya nota iliyo karibu nayo kwenye kinanda kwa takriban senti 31, na hamoniki ya tano iko chini kwa takriban senti 14. Sikio lililolelewa na kinanda cha kanisani litaisikia hamoniki ya saba ya mwimbaji wa Kigogo kuwa imeshuka. Sikio lililolelewa Manyoni linaweza kuisikia nota ya kinanda kuwa imepanda.

Hapa ushauri wa "tambua kosa mara moja na ulirekebishe" unageuka kuwa hatari ukiwa mikononi mwa mwalimu asiyejua kosa ni lipi. Kadiri mbinu ya kurekebisha inavyofanya kazi vizuri, ndivyo inavyofuta haraka kile ambacho hakikuwa kosa. Historia ya uimbaji wa kanisa inatupa mfano wa namna mpaka huu unavyopita ndani ya wimbo mmoja. Mmisionari Howard Olson, aliyetafiti lugha ya Wanyaturu, alikusanya nyimbo zenye mahadhi ya Kiafrika katika Tumshangilie Mungu, iliyochapishwa kwanza mwaka 1968. Kazi hiyo iliyapa mahadhi ya nyumbani heshima ndani ya ibada. Lakini wimbo uliokuwa ukiishi masikioni ukishaandikwa kwa nota unapata kipimo kipya cha usahihi, na mwimbaji mzee anayeuimba kama alivyousikia utotoni anaweza kurekebishwa na kijana mwenye karatasi.

Hukwe Zawose (1938–2003), Mgogo aliyezaliwa Doduma na kufikia majukwaa ya dunia kwa zeze, ilimba na sauti yake, ni ushahidi kwamba ustadi wa hali ya juu unaweza kujengwa juu ya kipimo kilichomo sikioni. Anayeisikiliza albamu yake Chibite (1996) hawezi kudai kwamba usahihi haukuwepo kwa kuwa nota hazikuwepo. Hoja ya Duke basi haikataliwi, bali inakamilishwa: kabla ya kumfundisha mwanafunzi kurekebisha kosa, sharti sikio lake lijazwe mfano wa sauti inayotakiwa, na mfano huo lazima utoke katika muziki husika.

6.0 Kwaya: pale sayansi inapoikosoa desturi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba sayansi imekosea na desturi imepatia. Hitimisho hilo lingekuwa la uongo, na kwaya inatuonyesha sababu. Utaratibu wa kawaida wa mazoezi ya kwaya unajulikana kwa yeyote aliyepita humo. Mwalimu hufundisha sauti ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu na ya nne, kwa kuimba mwenyewe au kwa do-re-mi. Sauti zikishashikwa huunganishwa, na wimbo huimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho mara nyingi. Anapotokea mtu kukosea, kwaya husimamishwa na kuanza upya kutoka mwanzo.

Utaratibu huu una udhaifu mitatu ambao tafiti zilizohakikiwa zinauweka wazi. Udhaifu wa kwanza ni kuanza upya. Kosa lililo katika ubeti wa tatu linaporekebishwa kwa kurudi mwanzoni, sehemu rahisi hurudiwa mara 20 na sehemu ngumu hupitiwa kwa kasi ileile iliyosababisha kosa. Hicho ndicho wapiga piano bora wa Duke walichokiepuka. Udhaifu wa pili ni kung'ang'ania wimbo mmoja jioni nzima hadi ulainike. Ulaini huo hudanganya, kwani hupatikana kwa sababu wimbo bado uko mdomoni. Wiki inayofuata mwalimu hushangaa kwamba umesahaulika. Nyimbo tatu zinazopishana, kila mmoja ukirudiwa mara chache na kurejewa tena, zitasikika vibaya zaidi jioni hiyo na huenda zikakaa vizuri zaidi Jumapili.

Udhaifu wa tatu ndio mzito, nao unatokana na fadhila ileile ya kundi iliyosifiwa katika sehemu ya nne. Mwimbaji wa sauti ya pili anayechelewa kidogo na kumfuata jirani yake anasikika kama anayejua. Anaweza kukaa kwaya miaka mitano bila kuukumbuka wimbo hata mmoja peke yake. Kundi humbeba, na kwa kumbeba humnyima nafasi ya kukumbuka kwa nguvu zake. Tafiti za kumbukumbu, kama za Roediger na Karpicke (2006), zinaonyesha kuwa kujaribu kukumbuka huimarisha kumbukumbu kuliko kupitia tena kilekile, ingawa walitumia matini zilizosomwa na si nyimbo. Mwimbaji huyu anapitia tena kila wiki, na hajaribu kukumbuka hata mara moja. Mazoezi kwake yamekuwa mazoea.

Marekebisho yanayopendekezwa hayahitaji fedha. Mwalimu aanzie pale kosa lilipo, kwa kasi ndogo. Apishanishe nyimbo. Aanze kila kipindi kwa kuwaachia waimbaji wakumbuke wimbo wa wiki iliyopita kabla yeye hajaimba. Mara kwa mara aimbishe watu wanne tu, mmoja kwa kila sauti, na wengine waimbe moyoni kimya. Kwa namna hiyo mazoezi ya fikra aliyoyachunguza Pascual-Leone yanapata mahali pake. Katika kwaya yenye kinanda kimoja, wanafunzi watano wanaosubiri zamu hawana sababu ya kukaa bure.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba kuwasimamisha wanne mbele ya wenzao kutaleta aibu na kuigeuza ibada kuwa mtihani. Pingamizi hili ni la kweli kwa kadiri fulani. Watu wengi hawaendi kwaya ili wapimwe, na utaratibu unaowafukuza wanyonge haujaboresha kwaya, umeipunguza. Jibu limo katika desturi yenyewe. Nyimbo za kiongozi na waitikiaji, ambazo Singida inazo tele, tayari humtoa mtu mmoja mbele kwa muda mfupi na kumrudisha ndani ya kundi bila fedheha. Mwalimu anaweza kutumia umbo hilo kwa kupokezana uongozi, badala ya kuleta umbo la chumba cha mtihani.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba mgawanyo sahihi hauko kati ya sayansi ya Magharibi na desturi ya Singida. Uko kati ya matokeo na picha iliyoyabeba. Usingizi, kuachanisha vipindi, kupishanisha vipande, kukumbuka bila msaada na kulishughulikia kosa mahali pake ni mambo yanayoweza kufanyika uwanjani, kanisani na chini ya mti, bila ala binafsi. Upweke, wingi wa saa na nota kama kipimo pekee cha usahihi ni sifa za mahali tafiti zilipofanyika, na hazina haki ya kusafiri pamoja na matokeo.

Kwa watafiti, kuna kazi mbili zinazofuata. Ya kwanza ni kupima mapendekezo ya sehemu ya sita katika kwaya halisi, kwa kulinganisha vikundi vinavyoimba nyimbo zilezile kwa ratiba tofauti na kuwapima waimbaji mmoja mmoja baada ya wiki kadhaa. Ya pili ni kuchunguza kujifunza muheme na zeze kwa kutumia vipimo vilivyotokana na masikio ya mabingwa wa Manyoni wenyewe. Kwa waandaaji wa mitaala ya muziki, ujumbe ni mfupi zaidi: kitabu kinachomwambia mwanafunzi namna ya kufanya mazoezi kianze kwa kuuliza anafanya mazoezi na nani, kwa ala ya nani, na kwa sikio la nani.